Shajara ya mradi: stendi ya sufuria tatu kwa chaneli ya strati, Ngamiani, Tanga

Kazi yenyewe

Stendi hii ni ya kutengenezea juisi ya ukwaju na rozela, lita 30 kwa mkupuo, bila pampu. Sufuria ya juu inapasha maji, ya kati inalowekea ukwaju au rozela, ya chini inapasha juisi iliyokwisha kuchujwa kabla haijaingia kwenye chupa. Kila kitu kinashuka chenyewe, kwa hiyo umeme ukikatika kazi haisimami. Mpangilio huu wa ngazi tatu wameuzoea sana watengeneza bia wa nyumbani wa Marekani na Uingereza: maji ya moto juu, kimea katikati, sufuria ya kuchemshia chini. Vyombo ni vilevile, kilichomo ndicho kinachotofautiana.

Chuma tulichochagua ni chaneli ya strati, ile ambayo mafundi umeme hubebea trei za nyaya na mafundi sola hufungia paneli: pande tatu za bati nene, upande wa nne uko wazi na kingo zake zimekunjwa kuingia ndani. Asili yake ni Michigan, Marekani, ambako Charles Attwood alianzisha kampuni ya Unistrut mwaka 1924. Upana wake wa inchi 1 na 5/8 ndio huu wa mm 41 tunaoukuta madukani.

Fundi wa kuchomelea angeimaliza stendi ya engo tupu, yaani chuma cha umbo la L, kwa haraka na kwa bei ndogo zaidi. Ila ya kuchomelea haibadiliki. Ukinunua sufuria ndefu kidogo au jiko la aina nyingine, unarudi kwenye grainda. Chaneli unalegeza bolti, unasogeza, unakaza. Na huichomi, kwa hiyo zinki yake ya kuzuia kutu inabaki mahali pake, jambo ambalo kwa mji ulio kando ya bahari si dogo.

Vipimo

Sufuria ni za stenlesi, kipenyo sm 36 na kimo sm 36, ambayo ni lita 36 na nusu hivi. Kwa lita 30 za kazi inabaki nafasi ya povu. Sufuria za alumini za sokoni hazifai hapa: ukwaju na rozela ni vikali, na asidi yao hula alumini ikikaa nayo kwenye moto.

Kila ngazi imepishana na mwenzake kwa sm 45. Juu ni sm 135, kati sm 90, chini sm 45. Sufuria inakaa juu ya engo yenye unene wa nusu sentimita, na koki iko sm 3 juu ya kitako chake, kwa hiyo koki ya juu inakuwa kwenye sm 138 na nusu, na mdomo wa sufuria ya kati kwenye sm 126 na nusu. Mwanya wa sm 12 unatosha kufungua kifuniko kidogo na kukoroga bila kugonga koki. Mdomo wa sufuria ya juu unaishia sm 171 na nusu, na kimo hicho hakifai kumiminia ndoo kwa mkono. Inajazwa kwa mpira kutoka kwenye tangi, basi.

Namba 135, 90 na 45 zina sababu nyingine. Matundu ya mgongoni mwa chaneli yamepangwa kila mm 50. Miguu ikikatwa kwa urefu unaogawanyika kwa sm 5, matundu ya mguu mmoja yanalingana kimo na ya mguu wa jirani, na mkanda unaovuka miguu yote unapita sawa bila kutoboa tundu jipya hata moja. Ukikata sm 137 kwa sababu tu inaonekana nzuri, kila kivuko kitakugomea.

Mdomo uelekee wapi

Hapa ndipo stendi nyingi za chaneli zinapoharibikia, na zinaharibikia kwenye karatasi, kabla chuma hakijakatwa. Chaneli ina nyuso nne lakini inafungika kwa mbili tu: mdomo, ambako nati ya chaneli inanasa kwenye kingo, na mgongo, wenye matundu marefu. Mbavu mbili za pembeni ni bapa, hazina tundu wala kingo. Mtu akichora stendi kama meza ya mbao, yaani kila mguu upokee kipande kutoka kushoto, kingine kutoka kulia na cha tatu kutoka nyuma, lazima mmoja wao aangukie kwenye ubavu. Ndipo anapoanza kutoboa ubavu na kufunga bolti ambayo haina cha kuumia.

Tulichofanya: midomo ya miguu yote minane inatazama ndani, mguu wa mbele na wa nyuma wakitazamana. Migongo yote inatazama nje. Vipande vya mbele-nyuma, ambavyo tunaviita vidato, vinafungwa kwenye midomo kwa mabano ya L. Vipande virefu vya kushoto-kulia, yaani mikanda, vinapita nje na kufungwa kupitia matundu ya migongo. Ubavu haukuguswa popote.

Jozi za miguu ni nne: mbili za sm 135, moja ya sm 90, moja ya sm 45. Kati ya jozi na jozi kuna uwazi wa sm 46, na vidato navyo ni sm 46. Ukijumlisha miguu, stendi ina urefu wa sm 154.4. Kila sufuria inakaa baina ya vidato viwili vya kimo kimoja, na jozi za katikati zinatumika na sufuria mbili bila kugongana kwa sababu vidato vyao viko vimo tofauti. Vidato ni 12: viwili kwa kila sufuria, viwili kwa kila jiko (ya juu na ya chini ndizo zenye moto), na viwili vya kubana jozi ndefu karibu na sakafu.

Vidato vimelazwa mdomo chini, mgongo juu. Mdomo ukielekezwa juu unakuwa mfereji: maji, maganda ya ukwaju na vumbi vinajaa humo, na zinki inaoza ukiwa huioni. Ukielekezwa chini, kinachomwagika kinapita kwenye matundu na kudondoka.

Ununuzi

Chaneli ya 41×41, unene mm 2.5, yenye matundu, mche mmoja mita 3: miche 7. Engo ya 40×40×5, mche mmoja wa mita 6. Flati baa ya 30×5, mita 2.5. Mabano ya L yenye matundu manne ni 24, na kati ya hayo 8 yawe na pembetatu ya kuimarisha kwenye kona. Mabano madogo ya matundu mawili, 8, kwa ajili ya nyayo. Bolti M10×25 (kipenyo mm 10, urefu mm 25) zinatumika 144, nunua 150. Nati za chaneli M10 zinatumika 118, nati za kawaida 26, washa za bapa za mraba 40.

Unene uupime kwa kaliipa, usimsikilize muuzaji. Ipo chaneli ya mm 1.5 inayofanana kabisa na hii kwa macho. Kama huna kaliipa, beba mche mkononi: wa mm 2.5 una kilo 7 na nusu na ushee, ule mwembamba haufiki 5 na nusu. Wembamba wake hauonekani kwenye mzigo, unaonekana wakati wa kukaza. Kingo zinafunguka nje, nati inapoteza meno yake, na kiungo hakikazi tena.

Chaneli ya kimo nusu, 41×21, ina mtego wake. Bolti ya mm 30 inagota mgongoni kabla haijabana. Spana inagoma, unadhani umekaza, kumbe bano linacheza. Angalia na springi za nati pia. Zipo fupi za chaneli ya 21 na ndefu za chaneli ya 41, na fupi ikiwekwa kwenye chaneli yenye kina nati inazama ndani na kulala upande.

Kukata

Miche miwili ya kwanza kila mmoja unatoa miguu miwili ya 135. Wa tatu unatoa 90, 90, 45 na 45. Wa nne na wa tano kila mmoja unatoa mkanda wa 154.4 na vidato vitatu. Wa sita unatoa mikanda miwili ya 104.3, ile inayofunga jozi tatu za kwanza kwenye kimo cha sm 90, na kidato kimoja. Wa saba unatoa vidato vitano vilivyobaki.

Mche wa sita unabakiza kipande cha sm 45 na kidogo. Kinashawishi. Kisikubaliwe kama kidato: kikiwa kifupi kwa zaidi ya nusu sentimita, bano likikazwa linavuta miguu miwili kuelekeana, na jozi inasimama ikiwa imebana juu kuliko chini. Vipande vya sm 30 vilivyobaki kwenye miche mitatu ya kwanza vitunzwe, vina kazi baadaye.

Diski ya mm 1.6 inatosha, na iwe ya chuma. Chora mstari kuzunguka pande zote kwa bevu, anza kukata mgongoni, malizia kwenye kingo. Ukianzia kwenye kingo chaneli inajifunga na kuibana diski. Mahali ambapo mkato unapita katikati ya tundu, mwisho unabaki na pembe mbili kali; hazidhuru kiungo, kwa kuwa bano linashika kingo na si mgongo, lakini zinapasua kiganja. Piga tupa.

Engo inatoa vipande 10 vya sm 54: sita vya kubeba sufuria, vinne vya kubeba majiko. Jumla sm 540, kwa hiyo mche wa mita 6 unatosha.

Kila mwisho uliokatwa unapakwa rangi ya zinki siku hiyohiyo, mikono miwili. Chaneli nyingi za madukani ni bati lililopigwa zinki kabla ya kukunjwa, na tabaka lake ni la mikroni 20 hivi kila upande. Iliyochovywa baada ya kutengenezwa inafika mikroni 55 na zaidi. Kwa Tanga, yenye upepo wa chumvi karibu mwaka mzima, tofauti hiyo ni ya miaka. Iliyochovywa haikupatikana, kwa hiyo rangi ya zinki kwenye miisho, na kofia za plastiki juu ya miguu ili mvua isiingie wala nyigu wasijenge humo.

Kusimamisha

Jozi zinaungwa zikiwa zimelala chini, moja baada ya nyingine, kisha zinasimamishwa na kufungwa mikanda. Nati inaingizwa ikiwa imelala kwa urefu wa mdomo, inazungushwa robo, na mifereji yake miwili yenye meno inakaa juu ya kingo. Kabla ya kukaza chungulia: mfereji ukipanda nusu, meno yanauma upande mmoja tu, na bolti inakaza vizuri kabisa lakini kiungo kitateleza siku ya mzigo.

Kwanza funga zote kwa mkono, pima kwa pimamaji, pima mishazari ya kila uwazi kwa tepu, ndipo ukaze. M10 za daraja 8.8 la ugumu tunazikaza kwa Nm 45 (nyutonimita). Bila spana ya kupimia, hiyo ni sawa na kuvuta kilo 23 hivi mwishoni mwa spana ya sm 20. Kiungo cha chaneli kinaishi kwa msuguano wa meno, hakina pini wala bega la kuegemea. Ukilegeza mkono umeondoa nguvu yote.

Kwa uzito wa kushuka chini stendi ina nguvu kupita mahitaji. Udhaifu wake ni wa kuyumba. Mabano ya kawaida yanaruhusu jozi kupepesuka kidogo, na lita 30 za maji ya moto kwenye kimo cha kichwa hazitakiwi kupepesuka hata kidogo. Kwa hiyo mabano 8 yenye pembetatu yako kwenye vidato vya sufuria ya juu na ya kati. Upande wa nyuma kuna flati baa tatu za mshazari, mbili za sm 82 na moja ya sm 61. Mbele pako wazi kwa ajili ya kazi.

Tena imefungwa ukutani. Mkanda wa nyuma unaiweka miguu sm 4 mbali na ukuta, na hapo ndipo vile vipande vya sm 30 vinapopata kazi: vinakatwa vifupi na kujaza mwanya kwenye kimo cha sm 130. Matofali ya saruji yenye uwazi hayashiki rolibolti, ile bolti inayotanuka ndani ya ukuta; yanapasuka kwa ndani. Tumepitisha fito mbili za chuma zenye nyuzi za M10 ukuta mzima, na upande wa pili kuna kibamba cha chuma cha sm 10 kwa 10.

Sakafu ya baraza ina mteremko wa kutoa maji. Nyayo za upande wa chini zimewekewa vibati hadi pimamaji ikatulia, kisha nyayo nne za pembeni zikafungwa sakafuni.

Zinki, moto na tindikali

Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 419 za Selsiasi, na kwa matumizi ya muda mrefu chuma kilichopigwa zinki hakitakiwi kuvuka nyuzi 200. Ikiungua inatoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka saa chache baadaye. Wachomeleaji wanaujua vizuri. Ndiyo sababu kinachogusa sufuria juu ya moto si chaneli bali engo nyeusi isiyo na rangi wala zinki.

Engo zimelazwa hivi: ubawa mmoja umelala juu ya vidato na kuelekea katikati, wa pili umesimama kwa nje. Kati ya mbawa mbili zilizosimama kuna sm 37. Sufuria ya sm 36 inakaa humo ikiwa imeegemea mbawa zilizolala, kila upande ukigusana nayo kwa urefu wa sm 20, na katikati pako wazi sm 30 kwa ajili ya moto. Sufuria haiwezi kuteleza ikaanguka mbele hata ikisukumwa na kiwiko. Toboa engo baada ya kuiweka mahali pake na kuweka alama. Tundu la kidato lisipoangukia panapotakiwa, toboa jipya la mm 11 kwenye mgongo na upake zinki.

Engo nyeusi itashika kutu, hilo halina ubishi. Inasuguliwa kwa brashi ya waya, inapakwa mafuta ya kula kidogo sana na kupashwa moto hadi ikauke na kuwa nyeusi. Rangi ya kawaida juu ya moto inababuka na kunuka.

Baina ya ubavu wa sufuria na mguu kuna sm 5, na hewa ya moto inapanda hapohapo. Tumeweka kinga za bati la stenlesi la mm 0.8 pande tatu za kila jiko, zikiwa na mwanya wa sm 1 kutoka kwenye chaneli. Zinafanya kazi mbili: kukinga zinki na kukinga upepo. Kusi ikivuma, jiko lisilo na kinga linapasha baraza na kuiacha sufuria.

Upande wa tindikali sharti ni moja: juisi isiguse chaneli. Asidi inayeyusha zinki, na zinki ikiingia kwenye kinywaji inatapisha na kuumiza tumbo. Kichujio, mwiko na mpira haviachwi kulala juu ya kidato. Matone yakidondoka yanasafishwa kwa maji palepale. Penye doa la ukwaju lililokaa usiku kucha zinki inageuka kijivu iliyofifia, na unga mweupe unafuata.

Jaribio la maji

Sufuria zote tatu zimejazwa lita 30 kwa pamoja, mzigo ambao kazini hautatokea, na kuachwa usiku mzima. Kabla ya kujaza, kila bano lilichorwa mstari mmoja wa kalamu unaovuka bano na mguu. Asubuhi mistari yote ilikuwa haijakatika. Njia hii ni rahisi na haidanganyi: bano likiteleza hata mm 1, mstari unavunjika na jicho linauona.

Bolti zote zimekazwa upya baada ya hapo, na chache zilikubali kuzunguka kidogo. Ni kawaida, meno yanaendelea kuzama baada ya mzigo wa kwanza.

Jaribio la moto

Jiko liko sm 8 chini ya kitako cha sufuria. Kupasha lita 30 kutoka nyuzi 28 hadi 95 kunahitaji megajuli 8.4. Tukichukulia kwamba asilimia 45 ya joto ndiyo inayoingia majini, jiko la kilowati 10 litafanya hivyo kwa nusu saa hivi, na gesi itakayotumika ni gramu 400. Mtungi wa kilo 15 hauwekwi chini ya stendi kamwe. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni, na koki ya juu ikimwaga maji ya moto mtungi usiwepo hapo. Wa kwetu uko nje ya baraza, na viungo vya mpira vimepimwa kwa povu la sabuni.

Moto ukiwa wa njano na masizi kitakoni, fungua zaidi tundu la hewa la jiko hadi mwali uwe wa buluu. Maji yalipochemka, tone la maji baridi liliwekwa kwenye kila mguu ulio karibu na jiko: lilitiririka bila kuchemka, maana yake chuma kiko chini ya nyuzi 100.

Mpira wa kupitishia juisi ni wa silikoni wa mm 12. Mpira wa bustani unalainika na maji ya moto, unajibana wenyewe, na harufu yake inaingia kwenye juisi. Juisi inajazwa ikiwa na nyuzi 85, na chupa ni za kioo. Za plastiki ya kawaida zinasinyaa.

Kilichobaki

Kinga ya jiko la chini inahitaji kukatwa dirisha dogo la kuwashia. Mpira wa kujazia sufuria ya juu utapata koki yake kwenye kimo cha kiuno, kwenye mguu wa mbele wa jozi ya kwanza, ili anayejaza asiache mkono juu ya mvuke. Bolti zilizotumika kwenye vidato vya majiko ni za zinki nyembamba ya umeme na zitakuwa za kwanza kushika kutu. Zitabadilishwa kwa za stenlesi, zikipakwa grisi kwenye nyuzi, kwa sababu stenlesi kwa stenlesi ikikazwa kavu inajing'ang'ania na kukatika. Masika ikiisha, miisho yote iliyokatwa itakaguliwa, na penye wekundu patasuguliwa na kupakwa zinki upya.